Kocha Jim Calhoun wa UConn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jim Calhoun ni nani, na jina lake lilifikaje kwa wapenzi wa kikapu wa Afrika Mashariki?

Jim Calhoun ni kocha mstaafu wa mpira wa kikapu wa vyuo nchini Marekani. Aliifundisha timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wengi hukiita UConn, kwa misimu 26, kuanzia mwaka 1986 hadi 2012, na katika muda huo alitwaa ubingwa wa taifa mara tatu: 1999, 2004 na 2011. Nyumbani kwake alikuwa maarufu muda mrefu kabla sisi hatujamjua. Hapa kwetu jina lake lilianza kutajwa kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyecheza chini yake kwa misimu mitatu kuanzia mwaka 2006 na kisha kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Wengi wanaomuulizia Calhoun leo wanataka kujua habari za Thabeet, na ni haki yao. Lakini maisha ya kocha huyu yanastahili kusimuliwa yenyewe, pamoja na yale yasiyopendeza.

Alizaliwa wapi, na utoto wake ulikuwaje?

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1942 huko Braintree, mji ulio kusini ya Boston katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo, na kijana huyo akajikuta akibeba sehemu ya mzigo wa kuwalea ndugu zake. Alipomaliza shule alikwenda chuoni, lakini hakukaa. Alirudi nyumbani baada ya muda mfupi kwa kuwa familia ilihitaji fedha, akafanya kazi za mikono, ikiwamo kukata mawe ya granaiti na kuchonga mawe ya makaburi. Baadaye alipata ufadhili wa masomo kwa ajili ya kikapu katika Chuo cha American International kilichopo Springfield, ambako alicheza hadi akawa nahodha wa timu.

Springfield ndio mji ambako James Naismith aliubuni mchezo wa kikapu mwaka 1891, na ndipo ulipo Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mchezo huo. Calhoun aliingizwa katika ukumbi huo mwaka 2005, katika mji uleule aliosoma kwa shida.

Alianzaje kazi ya ukocha?

Alianzia katika shule za sekondari, kwanza Connecticut na kisha Massachusetts, na shule ya mwisho kati ya hizo ilikuwa Dedham, karibu na Boston. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 30, alipewa timu ya Chuo Kikuu cha Northeastern, ambacho wakati huo hakikuwa hata katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo. Alikaa huko miaka 14, akashinda michezo 248, akakipandisha chuo hadi daraja la kwanza na kukifikisha katika mashindano ya taifa mara tano kati ya mwaka 1981 na 1986. Mchezaji wake aliyekumbukwa zaidi wa kipindi hicho ni Reggie Lewis, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Boston Celtics, timu ya NBA, kabla ya kufariki mwaka 1993.

Miaka hiyo 14 hupitwa haraka katika simulizi nyingi. Kwa maoni ya mwandishi, ndiyo inayoeleza yote yaliyofuata: mtu aliyezoea kuwatafuta wachezaji ambao vyuo vikubwa vya jirani havikuwataka hakuweza kuiogopa kazi ya Connecticut, ambayo makocha wengi waliiona kuwa ni kaburi la sifa zao.

Kwa nini kazi ya UConn ilionekana ngumu kiasi hicho?

UConn ipo Storrs, kijiji chenye mashamba na ng'ombe, mbali na jiji lolote kubwa. Chuo kilikuwa mwanachama mwanzilishi wa ligi ya Big East iliyoundwa mwaka 1979, ligi iliyojaa vyuo vya mijini kama Georgetown, St. John's, Villanova na Syracuse, vyenye kumbi kubwa na majina yaliyovuma kwenye televisheni. Katika ligi hiyo UConn ilikuwa ikipigwa mara kwa mara. Msimu wa kwanza wa Calhoun, 1986–87, ulimalizika kwa ushindi wa michezo 9 na vipigo 19.

Mwaka uliofuata timu yake ilichukua kombe la NIT, mashindano ya vyuo visivyochaguliwa kuingia katika mashindano makuu, kwa kuifunga Ohio State 72–67 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Lilikuwa kombe la pili kwa hadhi, lakini liliwafanya watu wa jimbo zima waanze kuifuata timu. Januari 1990 ukafunguliwa ukumbi mpya wa Gampel Pavilion hapohapo Storrs, na msimu huo UConn ikatwaa ubingwa wa Big East.

Ni mchezo gani wa mwaka 1990 ambao bado unazungumzwa?

Ni miwili, na haifai kutaja mmoja bila mwingine. Tarehe 22 Machi 1990, katika mzunguko wa timu 16 bora, UConn ilikuwa nyuma ya Clemson kwa pointi moja na sekunde moja tu ilikuwa imebaki. Scott Burrell, ambaye pia alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa besiboli, alisimama chini ya kikapu chake na kuurusha mpira urefu wa uwanja mzima. Tate George akaudaka upande wa kulia, akageuka na kuutupa, na ukaingia kengele ikilia. Matokeo yakawa 71–70.

Siku mbili baadaye UConn ilikutana na Duke, ikapoteza 79–78 katika muda wa ziada kwa mtupo wa Christian Laettner wa sekunde ya mwisho. Kwa hiyo timu ile ilionja utamu na uchungu wa aina ileile ndani ya wiki moja, na Calhoun alingoja miaka tisa zaidi kabla ya kufika nusu fainali ya taifa.

Mashindano ya taifa huendeshwaje, na kwa nini ni vigumu kuyashinda?

Mashindano huandaliwa na chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo, na huchezwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Wakati wa ubingwa wa kwanza wa Calhoun timu zilikuwa 64; mwaka 2011 ziliongezwa kuwa 68. Hakuna mchezo wa marudiano wala pointi za kundi: ukifungwa mara moja, umerudi nyumbani. Bingwa lazima ashinde michezo sita mfululizo dhidi ya wapinzani ambao mara nyingi hajawahi kukutana nao, akipata siku moja tu ya kujiandaa kati ya mchezo na mchezo wa wikiendi moja. Ndiyo maana timu iliyoshinda michezo 30 katika msimu inaweza kutolewa na chuo ambacho watu wengi hawakijui kilipo, jambo lililompata Calhoun mwenyewe mwaka 2006, alipotolewa na George Mason 86–84 katika muda wa ziada huku akiwa na kikosi ambacho wachezaji wake wanne waliteuliwa miezi mitatu baadaye katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa NBA, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

Ubingwa wa 1999 ulipatikanaje?

Kwa kuifunga Duke, tena Duke iliyokuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima na ambayo karibu kila mtu aliipa nafasi ya kushinda kwa urahisi. Fainali ilichezwa St. Petersburg, Florida. Richard Hamilton alifunga pointi 27, lakini mchezo uliamuliwa na ulinzi. Katika sekunde za mwisho UConn ilikuwa mbele 75–74, na Duke ikampa mpira Trajan Langdon, mfungaji wake mwenye uzoefu kuliko wote. Calhoun alikuwa amemwachia Ricky Moore kazi ya kumkaba, na Moore akamwandama kwa miguu, bila kunyoosha mkono ovyo, mpaka Langdon akalazimika kugeuka na mwamuzi akapuliza filimbi kwamba ametembea na mpira bila kuudunda. Khalid El-Amin akatia mitupo huru miwili, Langdon akaupoteza mpira tena, na mchezo ukaisha 77–74.

Ukitaka kuujua ukocha wa Calhoun kwa dakika moja, tazama miguu ya Moore katika zile sekunde. Mfungaji bora wa mpinzani alikabidhiwa kwa mtu mmoja, bila kumzungushia wawili, na mtu huyo alikuwa amefundishwa kwa miaka minne kutofanya faulo ya kijinga.

Alikuwa na mbinu gani za uchezaji?

Timu zake zilijulikana kwa mashambulizi ya haraka, kupigania ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, na kuzuia mitupo. Mambo hayo matatu yalifungamana. Gadi wa UConn, wachezaji wa nje wanaouongoza mpira, waliweza kumbana mpinzani mbali na kikapu kwa sababu walijua kwamba wakipitwa, nyuma yao yupo senta mrefu atakayeuzuia mtupo. Senta naye alifundishwa kuugusa mpira ubaki uwanjani badala ya kuupiga hadi kwa watazamaji, kwa kuwa mpira uliobaki ndani ndio unaoanzisha shambulizi. Kwa misimu kadhaa mfululizo katika miaka ya 2000, UConn iliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa kuzuia mitupo. Emeka Okafor, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi Wanigeria, alikuwa mfano bora wa senta wa namna hiyo. Aliiongoza timu kuchukua ubingwa wa 2004, akapata pointi 24 na ribaundi 15 katika fainali dhidi ya Georgia Tech iliyoisha 82–73, na alihitimu shahada yake ya fedha kwa miaka mitatu tu. Mwaka huohuo timu ya wanawake ya UConn chini ya Geno Auriemma nayo ilitwaa ubingwa, na chuo kikawa cha kwanza kushinda mataji yote mawili ya daraja la kwanza katika msimu mmoja.

Ni kweli kwamba alikuwa mkali sana?

Ni kweli, na hakulificha. Alipiga kelele mazoezini, alipiga kelele wakati wa mchezo, na mchezaji aliyetolewa uwanjani kwa kosa alijua maneno yatakayomkuta kabla hajafika benchi. Wapo vijana walioondoka. Waliobaki, wakiwamo Ray Allen, Hamilton, Okafor na Kemba Walker, wameendelea kumheshimu hadharani na kurudi Storrs kumtembelea. Mwandishi haamini kwamba mafanikio ya waliobaki yanatosha kuhalalisha kila ukali, lakini ni lazima isemwe kwamba Calhoun hakumpendelea mchezaji yeyote: nyota alikaripiwa sawasawa na mchezaji wa akiba.

Thabeet alifikaje kwake, na alijifunza nini?

Thabeet alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, umri ambao wenzake wa Marekani huwa tayari wameshacheza miaka kumi. Alipita katika sekondari moja ya Houston, Texas, kabla ya kuchagua UConn mwaka 2006. Alikuta kikosi kilichokuwa kimebaki kitupu, kwa kuwa wachezaji wengi wakubwa walikuwa wameondoka, baadhi yao kwenda NBA, na msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 17 tu na kupoteza 14. Kwa kocha mwingine, senta mchanga asiyeijua vizuri lugha ya mchezo angekaa benchi. Calhoun alimwanzisha, akamvumilia alipokosea, na akampigia kelele kama wote.

Maendeleo yake yalionekana zaidi katika ulinzi. Katika msimu wa tatu, 2008–09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo iliyozuiwa 4.2 kwa mchezo, akachaguliwa mchezaji bora wa Big East kwa pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Aliondoka chuoni akiwa amezuia mitupo 417, wa pili katika historia ya UConn nyuma ya Okafor mwenye 441. Juni 2009, katika uteuzi wa NBA, timu ya Memphis Grizzlies ilimteua wa pili, baada ya Blake Griffin.

Msimu huo wa 2008–09 ulikwendaje kwa timu nzima?

Ulikuwa msimu wa kuchosha hata kwa mtazamaji. Februari, Jerome Dyson aliumia goti na kuukosa msimu wote uliobaki. Tarehe 12 Machi, katika robo fainali ya Big East huko New York, UConn na Syracuse walicheza vipindi sita vya muda wa ziada. Mchezo ulioanza usiku wa kawaida uliisha saa saba na dakika 22 za usiku, wachezaji wanane wakiwa wametolewa kwa kufikisha faulo tano kila mmoja, Thabeet akiwa mmoja wao, na Syracuse wakashinda 127–117.

Wiki moja baadaye mashindano ya taifa yalianza huko Philadelphia, na Calhoun, aliyekuwa na umri wa miaka 66, akalazwa hospitali siku ya mchezo wa kwanza kwa upungufu wa maji mwilini. Msaidizi wake George Blaney alishika usukani na timu ikaichapa Chattanooga 103–47. Kocha alirudi kwa mchezo uliofuata, na vijana wakafika nusu fainali ya taifa iliyochezwa Detroit, ambako walifungwa 82–73 na Michigan State iliyokuwa ikicheza karibu na nyumbani.

Je, aliwahi kuadhibiwa?

Ndiyo, na sehemu hii haipaswi kupunguzwa makali. Chama cha NCAA kiliichunguza UConn kuhusu usajili wa mchezaji mmoja aliyepewa manufaa yasiyoruhusiwa na mtu aliyewahi kuwa meneja mwanafunzi wa timu, ambaye baadaye alikuwa wakala. Uchunguzi ulibaini pia mamia ya simu na ujumbe ambao makocha hawakuruhusiwa kuutuma. Februari 2011 Calhoun alitajwa kuwa alishindwa kuhakikisha kanuni zinafuatwa katika programu yake, akasimamishwa kwa michezo mitatu ya kwanza ya Big East ya msimu uliofuata, na chuo kikapunguziwa nafasi za ufadhili wa masomo. Zaidi ya hapo, UConn ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu alama za maendeleo ya masomo ya wachezaji wake zilikuwa chini ya kiwango. Adhabu hiyo ya pili ilitekelezwa baada ya Calhoun kustaafu, lakini alama zilizosababisha zilitokana na miaka yake.

Na ule mzozo wa mshahara?

Februari 2009, baada ya mchezo, mwanaharakati mmoja alimuuliza mbele ya waandishi kwa nini mtumishi anayelipwa zaidi ya wote na jimbo, yaani dola milioni 1.6 kwa mwaka, asirudishe sehemu wakati serikali ya Connecticut inakabiliwa na nakisi kubwa. Calhoun alijibu kwa hasira kwamba hatarudisha hata senti kumi na kwamba programu yake inaliingizia jimbo fedha nyingi. Jibu lilikuwa na hoja, ila lilitolewa vibaya, katika mwaka ambao watu wengi walikuwa wakipoteza kazi.

Ubingwa wa tatu ulipatikana katika mazingira gani?

Katika mazingira ambayo hakuna aliyeyatarajia. Msimu wa 2010–11 UConn ilimaliza ligi ya Big East ikiwa na ushindi tisa na vipigo tisa, katika nafasi ya tisa, na adhabu iliyotajwa hapo juu ilikuwa imetangazwa majuma machache tu yaliyopita. Kwa nafasi hiyo ililazimika kucheza mashindano ya ligi kuanzia siku ya kwanza. Ikashinda michezo mitano kwa siku tano, ikiwafunga DePaul, Georgetown, Pittsburgh, Syracuse na Louisville, huku Kemba Walker akicheza karibu kila dakika. Kisha ikashinda sita mingine ya taifa, ukiwamo ule wa nusu fainali dhidi ya Kentucky ulioisha 56–55. Fainali ya Houston dhidi ya Butler haikuwa nzuri kutazama: Butler walifunga chini ya mtupo mmoja kati ya mitano waliyojaribu, na matokeo yakawa 53–41. Calhoun, akiwa na umri wa miaka 68, akawa kocha mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kutwaa taji hilo hadi wakati huo, na wa tano tu kufikisha mataji matatu, baada ya John Wooden, Adolph Rupp, Mike Krzyzewski na Bob Knight.

Kwa nini aliacha kazi?

Mwili ulichoka. Mwaka 2003 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume na akarejea kazini baada ya muda mfupi. Baadaye alitibiwa saratani ya ngozi zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 akafanyiwa upasuaji wa mgongo, na kiangazi hicho akavunjika nyonga alipoanguka na baiskeli. Tarehe 13 Septemba 2012 alitangaza kustaafu, akiwa na ushindi wa michezo 873 katika vyuo vyake viwili. Nje ya uwanja, yeye na mkewe Pat wamechangia kwa muda mrefu matibabu na utafiti wa maradhi ya moyo, yale yaliyomuua baba yake, na kituo cha moyo cha hospitali ya chuo kikuu hicho kina majina yao.

Alirudi tena?

Alirudi, na kwa namna ya ajabu kidogo. Chuo Kikuu cha Saint Joseph cha West Hartford, kilichokuwa cha wanawake, kilipoamua kupokea wanaume mwaka 2018, kilimwomba aanzishe timu ya kikapu katika daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo na watazamaji ni wachache. Akiwa na umri wa miaka 76 akaanza upya na vijana ambao NBA haikuwa hata katika mazungumzo yao, na katika msimu wa pili walishafika mashindano ya taifa ya daraja hilo. Aliondoka Novemba 2021, jumla ya ushindi wake ikiwa 920.

UConn imefanya nini baada yake?

Nafasi yake ilichukuliwa na Kevin Ollie, aliyewahi kucheza na kisha kusaidia chini yake, ambaye alitwaa ubingwa mwaka 2014, msimu wa kwanza baada ya zuio lililotokana na alama za masomo. Dan Hurley, aliyeajiriwa mwaka 2018, alitwaa mawili mfululizo, 2023 na 2024. Kabla ya Calhoun, timu ya wanaume haikuwa hata na moja.